Anzeni na nyuki

Walimu wa Kiingereza mnaopeleka kidato cha kwanza maktaba, kwa hapa Tabora anzeni na nyuki. Mada wanaijua tangu nyumbani, kigeni ni lugha tu. Kabla hawajagusa rafu, kila mmoja aandike kwa Kiswahili anachotaka kujua, mfano kwa nini nyuki huhama mzinga, na pembeni maneno mawili matatu ya kutafutia: bee, hive, swarm. Maktaba ikitumia namba za Dewey, zile za kupanga vitabu rafuni kwa mada, waende 638.1, penye ufugaji nyuki. Wakishika kitabu, marufuku kuanza ukurasa wa kwanza! Wafungue faharasa kule nyuma, washushe kidole hadi kwenye neno lao, waruke moja kwa moja ukurasa uliotajwa. Wakibishana kwa Kiswahili waacheni. Jibu ndilo liandikwe Kiingereza, sentensi mbili zinatosha.