Una mteja wa maembe nje? Kagua vikwazo kabla hujalipia shamba

Msimu wa maembe ukifika huku Malindi na Magarini swali ni lile lile, "nimepata mteja nje, naanzia wapi?", na anayeuliza ashalipia shamba zima. Jamani, hela ikae mfukoni kwanza.

Anza na sheria ya hapa kwetu. Wengi wanadhani kikwazo ni cha nchi za nje tu, kumbe hata hapa vipo: mfano korosho ghafi, serikali yetu yenyewe iliifungia tangu 2009, na sheria ya 2013 ikakazia, haitoki mpaka waziri akupe ruhusa kwa maandishi. Nia ni zibanguliwe hapa vijana wapate kazi, naiunga mkono kabisa, lakini mkulima akibaki na wanunuzi wachache wao ndio wanampangia bei, na hilo linaniuma sana.

Alafu tafuta namba ya HS, yaani namba ya bidhaa inayotumika na forodha dunia nzima. Kasitomu hawajui aina za maembe, ngowe wala apple, embe lolote kwao ni 0804.50. Korosho yenye ganda ni 0801.31, iliyobanguliwa 0801.32, ukichanganya hapo ushuru unaweza kubadilika na makaratasi yote yanarudi. Ukishaipata ndio unaangalia ushuru wa kule unakopeleka. Umoja wa Ulaya saa hii ni sifuri kwa maembe, yatoke nchi yoyote. Kwa bidhaa nyingine kuna EPA, mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2024, na kuutumia lazima uwe na uthibitisho wa asili kwamba mzigo ni wa Kenya.

Sasa hapa ndipo watu wanaumia. Ushuru sifuri si kwamba mlango uko wazi. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya, yakaja kurudi 2021, na si ushuru uliozuia, ni nzi wa matunda. Bila cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea, huendi popote, kwa hivo kagua mwenyewe kabla wakaguzi wao hawajaja: shika embe, ligeuze taratibu, tafuta kidoa kidogo kama limedungwa sindano, mara nyingi utomvu umetoka hapo tone moja ukakauka. Pasua hapo hapo, ukikuta funza weupe wanaruka ruka ujue mzigo wote uko hatarini. Mitego itundikwe mapema, na yaliyoanguka chini okota kila siku uyafukie, usiyaache chini ya mwembe.

Mtaji mdogo? Mimi ningeanza na Tanzania. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mzigo usiozidi dola 2,000, kama bidhaa iko kwenye orodha yao, unapewa cheti rahisi cha asili pale pale mpakani Lunga Lunga na hulipi ushuru wa forodha. Ukaguzi wa mimea na kodi za ndani bado zipo lakini.

Na uliza tena siku ya kupakia, manake mambo yanageuka ghafla. Machi 2021 sisi Kenya tulizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, barua moja tu malori yakakwama, siku chache baadae ikafunguliwa na masharti mapya.

Ukizuiwa bila sababu yoyote ya maandishi usinyamaze. Andika tarehe, kituo, umeambiwa nini na umelipishwa ngapi, piga picha kila risiti, alafu ripoti kwenye tradebarriers.org, ni tovuti ya pamoja ya jumuiya tatu za biashara Afrika, EAC (ndiyo hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki), COMESA na SADC, na lalamiko linapelekwa kwa nchi husika ijibu.