Somo: Ukurasa wa skrapubuku ya kidijitali kwa kanga na picha ya zamani ya familia

Haya wapendwa, somo la leo ni skrapubuku ya kidijitali, yaani ule ukurasa wa kumbukumbu ambao watu walikuwa wanakata picha, wanabandika kwenye karatasi, wanapamba na kuandika pembeni, sasa tunaufanya kwenye kompyuta bila gundi wala mkasi. Hobi yenyewe ni ya siku nyingi, Mark Twain yule mwandishi wa Marekani alipata hataza ya kitabu chake cha kubandikia chenye gundi tayari mwaka 1873, na hata saizi ya inchi 12 kwa 12 tunayotumia tumeirithi kwa wabandikaji wa kule kule Marekani. Saizi sina ugomvi nayo. Ninachotaka tuache ni mapambo yao, maana ukidaunlodi zile pakiti za bure unakuta theluji, misonobari, maboga, halafu mtu anachukua picha ya bibi yake kakaa barazani Pangani anaizungushia theluji. Hapana jamani. Picha ipambwe na vitu vya nyumba ilikotoka: kanga, kitenge, mkeka wa ukindu, tiketi ya boti, kadi ya mchango wa harusi, bahasha yenye stempu. Hivyo ndo vifaa vyetu na vingi viko kabatini kwako sahivi.

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta, kwa sababu ni bure kabisa, inakubali Windows, Mac na Linux, na laptopu ya kawaida inaibeba. Majina ya menyu nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini ili usipotee.

Hatua ya 1: Maneno kwanza

Najua mkono unawasha kushika rangi lakini anza na maneno. Chukua picha uliyoichagua, nenda nayo kwa mama au shangazi au babu, washa rekoda ya simu, muulize ni nani hawa, hapa ni wapi, mwaka gani, nani alipiga, na siku hiyo kulikuwa na nini. Usimkatize. Wazee wakishika picha mkononi wanaanza na lile gauni au ile saa, afu ndo wanafika kwa watu, na hayo ya gauni ndo matamu kuyaandika. Ukirudi nyumbani andika kama alivyosema yeye, kwa maneno yake, kama amesema "tulipanda lori la chumvi mpaka Bagamoyo" wewe usigeuze ukaandika "tulisafiri". Sentensi nne tano zinatosha ukurasa mmoja.

Hatua ya 2: Kuingiza picha ya zamani

Ukiwa na skana, au ukienda steshenari, waambie waskani kwa 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Picha za studio za zamani ni ndogo, kwa 600 unaweza kuja kuiprinti mara mbili ya ukubwa wake na bado ikatoka safi. Skani na mgongo wa picha pia! Nyuma ndo kuna mwandiko wa kalamu, tarehe, na muhuri wa studio, na muhuri ni ushahidi. Mfano ukikuta Capital Art Studio ya Zanzibar, ile ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, basi umeshajua picha yako si ya kabla ya hapo na umejua pa kuanzia kuuliza.

Huna skana, piga kwa simu: picha iwe mezani karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, flashi zima, simu iwe sambamba na meza isiinamie upande.

Ukishaifungua kwenye GIMP ingia "Colors", halafu "Levels", bonyeza "Auto Input Levels". Picha nyeusi na nyeupe iliyofifia inarudi palepale, weusi unakaa, sura zinaonekana. Picha ya rangi kuwa mwangalifu, hiyo auto inaweza kubadilisha rangi ya ngozi, ikifanya hivyo rudisha kwa Ctrl+Z na uvute vile vialama vya pembetatu chini ya grafu kwa mkono taratibu. Na kuhusu zile programu zinazotia rangi picha nyeusi na nyeupe, mimi kwenye skrapubuku sizitaki, kwa sababu programu inabahatisha. Kanga ya bibi ilikuwa nyekundu, programu ikakuwekea bluu, wajukuu wakikua wataamini ni bluu.

Hatua ya 3: Kugeuza kanga kuwa karatasi

Hapa tukae kidogo, ndo moyo wa somo.

Piga kanga pasi, mikunjo ikionekana kwenye picha hakuna kitu kitakachoiondoa vizuri baadae. Itandaze chini sakafuni kwenye kivuli cha wazi, barazani asubuhi panafaa sana, ivute kingo mpaka ilale. Simama juu yake, simu mikono miwili, piga picha tatu tofauti: moja ya mji, yaani ule uwanja wa katikati, ya pili pindo la upande mrefu, ya tatu jina, yaani yale maneno. Usipige kanga nzima kwa mara moja halafu ukakata, utapoteza ule uzuri wa karibu. Ukisogea ukaikuza kwenye skrini unaona nyuzi za pamba moja moja, unaona pale ambapo rangi nyeusi imepita kidogo ikaingia kwenye nyekundu, na huo mpishano wa rangi ndo unaofanya ukurasa uonekane umeshikwa na mkono wa mtu.

Simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000 na ukurasa wetu utakuwa 3600 kwa 3600, kwa hiyo utaikuza kidogo, haina shida maana mji tutaufifisha.

Pindo litakuwa fremu au mstari wa chini. Na jina la kanga ndo kichwa cha habari cha ukurasa! Una picha ya mama na una kanga ya "Nani kama mama", unataka fonti gani tena?

Kama kanga yenyewe ni ya yule yule aliye kwenye picha, hata ikiwa imechakaa na ina viraka, piga hiyo hiyo. Kiraka kipige pia.

Hatua ya 4: Kufungua ukurasa

"File", "New", andika 3600 upana na 3600 urefu, fungua "Advanced Options" hakikisha "resolution", yaani pikseli kwa kila inchi, imeandikwa 300. Inchi 12 mara pikseli 300 ndo hiyo 3600. Ukitaka albamu ndogo ya inchi 8 weka 2400 kwa 2400.

Sasa "File", "Open as Layers", chagua picha zako zote kwa pamoja. Kila moja inakuja kwenye leya yake. Leya ni kama vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ukichora kwenye kimoja vingine havichafuki. Orodha yake iko kulia chini, mji wa kanga uburute uende chini kabisa, picha ya mtu ije juu.

Kupunguza au kukuza leya bonyeza Shift+S, ile alama ya mnyororo kati ya upana na urefu iwe imefungwa ili sura za watu zisivutike. Kusogeza ni M.

Hatua ya 5: Kupanga

Kanga ina kelele, ukiiacha na rangi zake zote itaimeza picha. Tengeneza leya mpya nyeupe, iweke juu ya mji na chini ya picha, halafu punguza "Opacity" yake mpaka karibu 65. Mji unabaki unaonekana kwa mbali na picha inapumua. Pindo usilififishe, liache na rangi zake kali, ndo litakalobeba ukurasa.

Picha kubwa moja, usiweke saba. Ndogo mbili za kusindikiza zinatosha, na uache sehemu tupu ya maneno uliyoandika hatua ya kwanza.

Kivuli: chagua leya ya picha, "Filters", "Light and Shadow", "Drop Shadow". Picha bapa iliyolala kwenye karatasi kivuli chake ni kidogo, weka X 8, Y 8, blur 12, opacity 0.4. Tiketi au kipande cha mkeka kiko juu zaidi ongeza kidogo. Jambo la kushika ni kwamba vivuli vyote vielekee upande mmoja, huyu akienda kulia na yule kushoto jicho linagundua hata kama mtu hajui kasoro iko wapi. Wenye GIMP 3.0, ile ya mwaka 2025, mnaweza kurudi kurekebisha kivuli hata baadae, kwenye toleo la zamani kikishakaa kimekaa, kwa hiyo nakili leya kwanza.

Hatua ya 6: Maandishi na kusevu

Bonyeza T, chora boksi, bandika maneno. Kwenye ukurasa huu pikseli 50 ni sawa na maandishi ya saizi 12 kwenye kitabu, chini ya hapo wazee hawatasoma, mimi naweka 60. Fonti ya kawaida tu isiyo na mikunjo. Pembeni andika majina kamili ya waliomo kuanzia kushoto kwenda kulia, mahali, na mwaka.

Kusevu: "Save" inakupa faili la XCF lenye leya zote, hilo ndo la kurudi kurekebisha, usilifute. Halafu "Export As" utoe JPEG ya kuprinti. Usiwe unafungua JPEG unarekebisha unasevu tena na tena, kila mara inapoteza ubora kidogo.

Maswali ya wanachama

Mdau, Dodoma: Shikamoo mwalimu, mimi sina kompyuta nina simu tu, naweza?

Marahaba mwanangu. Unaweza. Tumia Canva, ukianza chagua saizi yako mwenyewe uandike 3600 kwa 3600 hapohapo mwanzoni, kubadilisha saizi baadae ni ya kulipia. Mengine yote ya kanga na maneno ni yale yale. Siku ukipata kompyuta ya mtu kwa saa moja ila huruhusiwi kuinstoli kitu, fungua Photopea kwenye brauza, ina leya na inafungua faili za PSD, yaani za programu ya Photoshop, na picha zako zinabaki kwenye hiyo kompyuta haziendi popote, bando inakula kidogo wakati wa kufunguka tu.

Mdau, Tanga: Dada picha za baba ziko kwenye ile albamu ya zamani yenye gundi na plastiki juu, zimeganda kabisa, nikivuta moja kona imeanza kuchanika. Nifanyaje?

Acha kuvuta kabisa dada angu. Funua plastiki taratibu, ipige picha au iskani ikiwa hapohapo kwenye ukurasa wake, hiyo kwanza, ili lolote likitokea unayo. Baada ya hapo ukitaka kuitoa chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe nyuma ya picha kuanzia kona nzima, uwe unauvuta kushoto kulia bila haraka. Ikigoma iache. Na ile iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiitenganishe, iskani na kioo chake.

Mdau, Mombasa: Nimeprinti ukurasa wangu umetoka mweusi mweusi, na pindo la leso limekatwa upande. Kosa ni la printa ama langu?

Skrini inatoa mwanga na karatasi haitoi, kwa hiyo kinachoonekana sawa kwenye skrini kali kinatoka kimeingia giza kwenye karatasi. Shusha mwanga wa skrini hadi nusu ndo upime rangi, kisha printi kipande kidogo kwanza cha sura ya mtu kabla ya ukurasa wote. Kukatwa ni kwa sababu wanapokata karatasi kisu hakipiti palepale kila mara, acha milimita 5 kila upande bila kitu cha maana, leso iendelee hadi ukingoni lakini maneno na sura zikae ndani. Na uwapelekee JPEG kwenye flashi, wasikubandikie kwenye Word.

Mdau, Kigoma: Naweza kuuza kurasa zenye kanga?

Ya familia yako tumia bila wasiwasi. Kuuza ni kitu kingine, michoro ya kanga ina wenyewe, mchoraji na kiwanda. Kwa biashara piga picha ya mkeka uliosuka mwenyewe, au ukuta wa chokaa, majani ya mwembe, mlango wenu.

Mdau, Unguja: Nimemaliza ukurasa wa mama yangu mkubwa akiwa msichana, hana mtandio. Dada zangu wanasema nisiuweke kwenye grupu la ukoo. Mwenyewe yupo hai.

Muulize mwenyewe, na akikataa umekataliwa. Mtengenezee nakala yake moja iliyoprintiwa umpe mkononi, na kwa ajili ya grupu tengeneza ukurasa mwingine wa picha atakayoichagua yeye. Kwa marehemu uliza watoto wake. Mimi picha yoyote ya mtu mzima naomba ruhusa kabla sijaiskani, siyo baada.

Mdau, Maskati: Sisi ukoo umegawanyika, nusu tuko huku Oman nusu Zanzibar, nina barua za babu kwa herufi za Kiarabu na wao wana picha. Tunafanyaje ukurasa wa pamoja?

Barua hiyo ndo karatasi bora kuliko kanga zote nilizosema! Iskani kwa 600, itandaze nyuma ya picha badala ya mji, na usiififishe sana ili mwandiko usomeke. Tafuta mtu akusomee na uyaandike maneno yake kwa herufi za sasa chini. Kutumiana, usitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp maana inapunguzwa, picha ikifika na pikseli 1600 tu upande mrefu kwenye karatasi ni kama sentimita 13 na nusu basi. Bonyeza ile alama ya kuambatanisha, chagua waraka, ndo utume faili lenyewe zima. Na mkubaliane majina ya faili tangu mwanzo, mwaka kwanza, halafu mahali, halafu nani, mfano 1958-malindi-babu-na-kaka-zake, mwaka msioujua andikeni 195x, maana mkianza kutumiana IMG_0034 kutoka simu sita tofauti mtakuwa na babu sita wenye jina moja.