Namna ya kuongea na mtu ambaye hakupiga kura, bila kumwaibisha

Mwongozo huu ni wa wale wanaosimama mbele za watu Lubumbashi, Kongo: katekista baada ya misa, kiongozi wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu), chef wa avenyu (kiongozi wa mtaa), kijana anayehamasisha wenzake wa Katuba au Kampemba. Kwa hesabu za CENI, tume ya uchaguzi ya Kongo, waliopiga kura ya rais mwaka 2023 walikuwa asilimia 43 hivi ya walioandikishwa. Katika duru ya kwanza ya 2006 walikuwa asilimia 70 hivi. Ukiamua kumwaibisha kila asiyepiga kura, basi umeamua kuaibisha zaidi ya nusu ya parsela (nyumba) zote za avenyu yako, na wengi wao hawana kosa lolote.

Kabla ya kufungua mdomo, tenganisha watu.

Kuna asiyeruhusiwa. Sheria ya uchaguzi inawakataza askari wa FARDC (jeshi la taifa) na polisi kupiga kura, kwa hiyo ukihubiri "kila mzalendo alipiga kura" karibu na kambi ya jeshi ya Camp Vangu, unawatukana watu kwa kutii sheria. Kuna pia kijana aliyetimiza miaka 18 baada ya tarehe 20 Desemba 2023. Huyo hajapata nafasi hata moja, ingawa leo ana ndevu na mtoto.

Kuna asiyeweza, na hili ndilo kundi la kuangalia kwa makini. Kura hupigwa pale ulipojiandikisha. Mchimbaji aliyechukua karte (kadi ya mpiga kura) Kolwezi akiwa kwenye shimo, kisha akarudi Ruashi hapa Lubumbashi, ana karibu kilomita 300 za kurudia ili apige kura. Mama anayeuza Kasumbalesa, mpakani na Zambia, huondoka alfajiri, na anayefanya zamu mgodini hana ruhusa ya kutoka. Familia zilizokimbia Masisi na Rutshuru zilikuta uchaguzi wa 2023 haukufanyika kwao kabisa, sawa na Kwamouth, kwa sababu ya vita.

Kuna aliyejaribu akashindwa. Biro za kura hutakiwa kufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Mwaka 2023 nyingi zilichelewa mno, mashine nyingine zikagoma, na CENI ikalazimika kuongeza muda hadi siku iliyofuata. Mama mwenye mtoto mgongoni aliyepanga foleni tangu alfajiri, akaondoka mchana biro bado imefungwa, usimwite mvivu. Halafu kuna karte zenyewe: nyingi za 2023 zilififia hadi picha na jina havisomeki, na wengine walijua hilo siku ya kura.

Mwisho kuna aliyekataa kwa akili yake. Mashahidi wa Yehova hawapigi kura popote duniani kwa sababu ya imani yao, na hapo hakuna la kujadili. Wengine wamekata tamaa, na mara nyingi wana sababu ambayo mhamasishaji hakuijua. Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine, na ikafuta uchaguzi wote wa wabunge Masimanimba na Yakoma. Mwaka 2018 kura ya rais haikupigwa Beni, Butembo wala Yumbi. Machi 2019 walipiga kura ya wabunge tu, rais akiwa ameshaapishwa. Ongeza na kizingiti: orodha ya chama isiyofikia asilimia 1 ya kura za nchi nzima haipati mbunge wa taifa, hata kama mgombea wake amependwa sana mtaani kwenu. Kwa hiyo anayekuambia "kura yangu ilipotea" anaweza kuwa anasema kweli tupu. Usimjibu kwa wimbo wa uzalendo.

Sasa namna ya kuuliza. Uliza mkiwa wawili, kamwe si mbele ya kikundi, wala usiombe watu wanyooshe mikono. Aliyeogopa aibu atanyoosha tu mkono. Katika nchi nyingi watafiti wamekuta watu wanaosema walipiga kura ni wengi kuliko waliopiga kweli. Ukishapokea uongo huo umepoteza habari uliyoihitaji, na aliyekudanganya atakukwepa miezi mingi.

Usianze na "kwa nini haukupiga kura?" Swali hilo ni la polisi. Anza na "siku ile ya kura ilikuwaje kwako?", umwache amalize. Kisha fuata maswali haya kwa mpangilio: Ulikuwa na karte inayosomeka? Ulijua kituo chako? Ulifika? Jina lako ulilikuta kwenye orodha? Ulipata kuingia? Pale anaposema "hapana" kwa mara ya kwanza, simama. Chanzo kiko hapo, na msaada wako uanzie hapo. Akijibu "ndiyo" hadi mwisho, au akikuambia mapema kwamba hakutaka, ndipo mazungumzo yanakuwa ya mawazo.

Kwa mtu mzima kuliko wewe, usiulize moja kwa moja. Msalimu, uliza habari za nyumbani, kisha sema: "Baba, tunatayarisha kazi ya uchaguzi ujao, tunaomba utueleze mambo yaliyowazuia watu wa avenyu hii." Atasimulia ya jirani, na ya kwake yatakuwa ndani humo. Kama wewe ni kijana na yeye ni mzee wa familia, ni bora zaidi umtume mtu wa rika lake.

Kidole ni habari nyingine. Kwetu ushahidi wa kura ni wino, kwa hiyo aibu hupitia hapo: "tuonyeshe kidole". Acha kabisa, hata kwa utani kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kwanza, asiye na wino anaweza kuwa yule mama wa foleni. Pili, kuna sehemu za nchi ambako kuonekana na wino ni hatari kuliko kukosa wino, na picha ikishatumwa hairudi. Tatu, swali la nani alipiga linageuka upesi kuwa la nani alimpigia nani, na Lubumbashi swali hilo halichukui dakika mbili kufika kwenye kabila. Mji uliopitia kufukuzwa kwa Wakasai (watu wenye asili ya Kasai) mwaka 1992 na 1993 hauhitaji kuchokozwa tena.

Atakayekupinga atasema aibu inafanya kazi. Ana hoja, tusimfiche. Katika jaribio la Michigan, Marekani, mwaka 2006, watafiti walipeleka barua zenye kuonyesha nani mtaani alipiga kura na nani hakupiga. Waliopokea barua hiyo walifika asilimia 37.8, na wasiopokea chochote asilimia 29.7. Lakini angalia masharti yake. Kule daftari la waliopiga kura liko wazi kwa umma, vituo vinafunguliwa kwa wakati, na aliyeona haya alihitaji kuondoka nyumbani tu. Kwetu hata umwaibishe mtu hadi alie, karte yake iliyofutika haitasomeka. Jaribio jingine, la Pennsylvania mwaka 2008, linatufaa zaidi: watu waliulizwa tu wataenda saa ngapi, watatokea wapi na watakuwa wanafanya nini kabla ya hapo, na waliokwenda kupiga kura wakaongezeka kwa pointi 4 hivi. Hakuna aliyetukanwa.

Fanya hivyo hivyo, ila uanze mapema kuliko wao, maana kwetu kazi kubwa ni ya karatasi. Muhula wa rais ni miaka 5, kwa hiyo kura ijayo inatazamiwa Desemba 2028. Wakati wa kuandikisha ukitangazwa, mtu aliyehama ajiandikishe pale atakapokuwa siku ya kura, si pale karte ya zamani ilipotoka. Akipewa karte, aisome papo hapo kabla ya kuondoka: jina, tarehe ya kuzaliwa, kituo. Atoe fotokopi pande zote mbili na aandike namba yake kwenye daftari la nyumbani, kwa sababu karte hiyo ndiyo kitambulisho chake kwenye benki, kwa laini ya simu na barabarani. (Wengi waliichukua kwa hayo tu, na hawakukosea.) Ikififia, aende kwenye antena (ofisi ya eneo) ya CENI kuomba duplikata (karte mpya badala yake) wakati ofisi hazina foleni, asingoje wiki ya mwisho.

Orodha zikibandikwa, mkaangalie majina pamoja. Kisha maswali matatu yanayofanana na yale ya Pennsylvania: saa ngapi, unatokea wapi, nani anabaki na watoto? La watoto ndilo linalosahaulika, na ndilo linalowabakiza akina mama nyumbani. Likelemba inaweza kupanga zamu, wawili wakilinda watoto asubuhi na wawili mchana.

Sentensi moja utaisikia kila mahali: "Haukupiga kura, basi nyamaza." Usiitumie, na ikisemwa kwenye mkutano wako, ijibu kwa utulivu. Kura Kongo ni haki, na hakuna faini kwa asiyekwenda. Ubelgiji ndiyo ililazimisha raia wake tangu 1893. Asiyepiga kura analipa kodi ya soko kama wengine. Na gavana anayelalamikiwa hakuchaguliwa na yeyote aliyepanga foleni: magavana huchaguliwa na wabunge wa jimbo. Ukimfungia mtu mdomo kwa sababu ya siku moja, atakosekana pia kwenye mkutano wa maji, kwenye salongo (kazi ya pamoja ya usafi) na kwenye kikao cha komini, na hapo hasara ni ya avenyu nzima.

Aliyekataa baada ya kukusikiliza, mshukuru, umwache. Mara moja inatosha. Ukirudi mara ya tatu atajua unatafuta idadi.

Mwisho wa kazi, jaza karatasi moja isiyo na majina. Chora safu tano: karte, umbali, foleni na mashine, haruhusiwi, hakutaka. Weka alama moja kwa kila mtu uliyeongea naye, na juu andika avenyu na tarehe tu. Safu ya pili na ya tatu zikijaa, peleka karatasi kwa antena ya CENI na kwa waangalizi wa Kanisa, ukiomba kituo kiwe karibu zaidi. Kama uliandika jina la mtu pembeni ili ukumbuke, kata kipande hicho ukichome kabla karatasi haijatoka mikononi mwako.