SOMO: Kuchagua mtaa wa kuishi Dar kwa mpenda ngoma, sanaa na mpira (someni kabla ya kuuliza)

Kila wiki swali ni lilelile: "Nahamia Dar, napenda muziki na sanaa, nikae wapi?" Nimelijibu mpaka vidole vimeota sugu. Leo naliandika mara moja. Atakayeuliza tena bila kusoma nitampa namba ya hatua na si zaidi.

HATUA YA 1. Andika unakokwenda, si unakotamani kwenda.

Dar haina kitovu kimoja cha utamaduni. Posta na Upanga kuna Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, mtaa wa Shaaban Robert, na huko huko Upanga wapo Alliance Française na Goethe-Institut. Kijitonyama hadi Mlimani kuna Kijiji cha Makumbusho chenye ngoma na nyumba za asili, wachonga vinyago wa Mwenge, na Chuo Kikuu. Wasanii wa kuchora na kuchonga wa siku hizi wako Nafasi Art Space, kituo cha wasanii, Mikocheni. Bendi za dansi utazisaka Kinondoni na jirani zake, singeli ni Manzese na Tandale. Mpira ni Temeke: Uwanja wa Mkapa, watu 60,000, na ukikaa huko mdundiko utakupitia mlangoni bila kiingilio.

Chagua sehemu tatu utakazokwenda angalau mara mbili kwa mwezi. Tatu, si tisa.

(Wageni: daladala iliyoandikwa "Makumbusho" inakwenda Kijitonyama, kwenye kile kijiji. Fuvu la Zinjanthropus liko Posta. Msije mkashuka Kijitonyama mkaanza kuliulizia.)

HATUA YA 2. Pima safari ya KURUDI, usiku.

Hii ndiyo niliyoikosea, na kodi ya miezi sita ikawa imeshalipwa, kwa hiyo someni taratibu.

Watu wanapima umbali kwa kilomita, au wanakwenda kuona nyumba Jumapili saa nne asubuhi wakati barabara tupu. Dalali anapenda sana Jumapili saa nne asubuhi. Atakwambia "hapa mjini dakika ishirini" na kwa saa ile atakuwa hajasema uongo. Lakini bendi haipigi Jumapili asubuhi. Onyesho linaisha saa nne au saa tano usiku, na swali lako halisi ni hili: kutoka pale ukumbini mpaka kitandani kwako kuna nini katikati?

Fanya hivi. Ijumaa, kabla hujalipa hata senti, nenda kwenye sehemu ya kwanza ya orodha yako. Saa nne usiku anza safari ya kwenda kwenye huo mtaa unaoutaka, kwa usafiri utakaoutumia siku zote. Andika mambo manne: dakika ulizosubiri kituoni, mara ulizobadilisha gari, nauli yote, na kile kipande cha mwisho kutoka barabara ya lami hadi getini. Hicho cha mwisho ndicho kinachoua. Daladala ikikuacha njia panda saa tano usiku, boda anajua huna njia nyingine, na bei anaipanga yeye. Muulize boda wa kijiwe kile kile, si mwingine: "Saa tano usiku mpaka kwa fulani ni shilingi ngapi?" Zidisha. Mfano wa hesabu tu: bajaji ya 8,000 mara tatu kwa wiki ni 96,000 kwa mwezi. Hiyo ni kodi uliyodhani umeiokoa kwa kukaa mbali, nawe huna hata chumba cha ziada cha kuonyesha.

Tahadhari: usiijaribu safari hii wakati shule zimefungwa, wala wiki ya sikukuu. Jiji linakuwa limepungua watu na majibu yatakuwa ya uongo. Ukikaa ng'ambo, yaani Kigamboni, uliza pantoni za usiku zinapishana kwa muda gani. Daraja la Kurasini lipo tangu 2016, lakini gari inalipa tozo na mzunguko ni mrefu kwa anayetoka Posta. Na ukitegemea mwendokasi (yale mabasi yenye barabara yake) wa Kimara, kumbuka mvua kubwa ikijaza Jangwani mabasi yanasimamishwa pale. Uwe na njia ya pili kichwani.

HATUA YA 3. Kaa kwenye njia moja.

Kati ya zile sehemu tatu, mbili ziwe zinafikika bila kubadilisha gari. Ukishindwa, rudi hatua ya 1.

HATUA YA 4. Chekecha mitaa.

Upanga: unakwenda kwa miguu kila mahali, lakini kodi inauma na nyumba nyingi ni ghorofa za zamani. Kijitonyama, Sinza na Mwenge ndiyo wastani ninaoupendekeza kwa wengi: Makumbusho, vinyago, Chuo na Mikocheni vyote karibu; ubaya ni kelele za baa. Kinondoni na Magomeni ni kwa mpenda dansi, na tawi la mwendokasi la Morocco linapita. Kimara na Mbezi: kodi nafuu, mwendokasi upo, ila vilima, nyumba ya juu maji hayapandi vizuri, na barabara ya vumbi ikinyeshewa boda anakataa kupanda. Tabata na Kinyerezi panafaa kwa mtu wa mpira kuliko mtu wa Posta. Temeke na Chang'ombe, uwanja uko mlangoni, lakini siku ya Simba na Yanga usipange safari yoyote ya gari. Tegeta, Boko na Bunju ni kwa anayekwenda Bagamoyo mara nyingi kuliko mjini. Wapo, hasa wenye ndugu au mafunzo pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na kwao ni chaguo zuri.

HATUA YA 5. Angalia bonde.

Msimbazi, Mto Ng'ombe, Mlalakuwa, Mto Mbezi: mito hii kiangazi ni mifereji ya taka, masika inakuwa mito kweli. Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyofanya watu wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande. Usisubiri mvua ndiyo ujue. Nyumba inasema yenyewe. Angalia ukuta wa nje kwa chini: mstari wa tope, au rangi mpya iliyopakwa mpaka usawa wa goti tu. Angalia mlango: kizingiti kilichoinuliwa kwa tofali mbili tatu hakikuwekwa kwa urembo. Viroba vya mchanga nyuma ya nyumba, hivyo hivyo. Kisha muulize mama wa genge, si mwenye nyumba.

HATUA YA 6. Maji.

Ukanda wa pwani visima vingi vina chumvi. Nenda na kipande cha sabuni ya mche, fungua koki, sugua mikono. Maji ya chumvi hayatoi povu, sabuni inakatika vipande vipande. Tazama pia mdomo wa koki na bomba la kuogea: ukoko mweupe ni jibu. Halafu uliza maji ya DAWASA yanatoka siku zipi, na simtanki ni ya lita ngapi. Familia ya watu wanne, ndoo tatu kila mtu, ni lita 240 kwa siku. Tangi la lita 1,000 ni siku nne tu.

HATUA YA 7. LUKU (mita ya umeme) iwe yako peke yako.

HATUA YA 8. Lala macho Jumamosi moja.

Siyo lazima ulale pale. Kaa kijiweni mpaka saa sita usiku. Kupenda singeli ni jambo moja, turubai la kigodoro kufungwa dirishani kwako ni jambo jingine.

HATUA YA 9. Mkataba.

Miezi sita ndiyo kawaida, wengine wanakubali mitatu. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Hela ya kuonyeshwa nyumba mkubaliane kabla ya kutoka, siyo mkishafika. Pesa ya kodi mpe mwenye nyumba mwenyewe, ofisi ya serikali ya mtaa ishuhudie.

MASWALI

Mgeni_wa_Jiji: Mkuu somo zuri, sasa mimi napenda muziki, bajeti ya kawaida, nikae wapi?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Mgeni_wa_Jiji: Si ungetaja tu mtaa mmoja.

Mwandishi: Ningetaja ungekwenda kulipa miezi sita kesho, na keshokutwa ungerudi kunilaumu. Niletee sehemu zako tatu na unafanya kazi wapi, nitakujibu vizuri.

Ng'ambo_Yetu: Naona Kigamboni umeipiga mawe. Sisi tunaishi huku na mjini tunakwenda kila siku. Bahari ipo, hewa ipo, viwanja vipo.

Mwandishi: Sijaipiga mawe, nimesema uulize pantoni. Kwenda mjini kila siku asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni siyo somo la leo. Somo ni kurudi saa tano usiku. Wewe mwenyeji, tuambie saa hiyo unarudije?

Ng'ambo_Yetu: Pantoni zinakuwa chache, hilo kweli. Mimi usiku napita darajani, tunachanga gari watu wanne. Tozo inagawanyika.

Mwandishi: Hilo la kuchanga ni zuri. Watu wa ng'ambo walichukue.

Mama_Salma: Shikamoo kaka. Nina binti wa miaka kumi na mmoja, anapenda kupiga ngoma na kuchora, shule anaanza Januari. Mimi kazi yangu Mwenge. Sitaki usiku, nataka mchana na wikendi. Hatua ya 2 nifanyeje?

Mwandishi: Marahaba dada. Umeuliza vizuri. Kwako safari ya kupima ni Jumamosi mchana, siyo Ijumaa usiku, na uipime ukiwa na mtoto, maana hatua za mtoto na za mtu mzima kwenye daladala iliyojaa ni tofauti. Kwa kuwa kazi iko Mwenge, usivuke Ubungo wala Morocco. Anza Kijitonyama: Kijiji cha Makumbusho atakwenda kwa miguu, aone ngoma zikipigwa na wapigaji wenyewe, na baada ya onyesho msogelee mpigaji mmoja umuulize kuhusu kufundisha. Nafasi ulizia mafunzo ya watoto, ni bajaji moja tu kutoka kwako. Sinza pia inafaa, ila chagua mitaa ya ndani, mbali na baa, na mbali na Mto Ng'ombe. Halafu hatua ya 8 usiiruke, mtoto ana shule asubuhi.

Mama_Salma: Ahsante sana. Na ngoma yenyewe ya kujifunzia nyumbani, majirani si watanifukuza?

Mwandishi: Funika ngozi na kanga iliyokunjwa mara nne, na chini weka mkeka au zulia. Sauti inashuka sana, mkono unajifunza vilevile.

Fundi_Umeme: Hatua ya 7 umeipitisha mno mkuu. Niongezee. Mpangaji anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi anaweza kuwa kwenye bei ya chini. Mkiwa wapangaji wanne mita moja, 75 mnaipita wiki ya pili, basi nyote mnanunua kwa bei ya juu, hata yule mwenye taa mbili na feni. Zile mita ndogo za ndani anazoweka mwenye nyumba zinagawa uniti tu, bei hazibadilishi.

Mwandishi: Nimekubali, ndiyo maana nilisema yako peke yako. Na kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Hiyo ni ya mwenye nyumba, iandikwe kwenye mkataba kwamba mtarudishiana kwenye kodi ya pango.

Dogo_Posta: Mi nakaa Kimara, kila nikitoka kwenye maonyesho Posta nasimama mpaka nyumbani. Kuna ujanja?

Mwandishi: Unapandia wapi?

Dogo_Posta: Fire.

Mwandishi: Fire basi limeshajaa. Kutoka Makumbusho ya Taifa tembea mpaka Kivukoni, ndiko linakoanzia. Unapata kiti.

Mbeba_Mizigo: Na wakati wa kuhama, chumba na sebule kirikuu moja inatosha kama kitanda kimefunguliwa. Misumari na nati za kitanda zitie kwenye soksi, uifunge kwenye ubao wa kichwani. Wengi wanazipoteza wanalala chini siku ya kwanza.

Mgeni_wa_Jiji: Mkuu nimerudi. Sehemu zangu: Mkapa, Kinondoni kwenye dansi, na Feri kula samaki. Kazi Kariakoo.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Tazama Magomeni kwanza, upande wa juu, usishuke bondeni kuelekea Jangwani. Kinondoni ni tawi la Morocco, Feri ni basi la Kivukoni, Kariakoo ni la Gerezani, yote yanapita hapo. Mkapa utabadilisha Kariakoo. Ijumaa saa nne usiku anzia Kinondoni, urudi na namba zako nne.