Saa ya mazoezi imeharibika na waranti imekwisha: hatua za kufuata

Wengi wanaoniletea saa za mazoezi wameshakata tamaa kwa sababu tu waranti imekwisha. Waranti ni ahadi ya kampuni. Haki yako kisheria ni jambo jingine, na mara nyingi hudumu kuliko ahadi hiyo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mbovu kweli. Saa isiyochaji mara nyingi ina uchafu tu kwenye pini. Jasho lina chumvi, na chumvi hula chuma. Chovya pamba kwenye spiriti, sugua taratibu pini za saa na za chaja, ziache zikauke, kisha jaribu chaja nyingine. Ikiwaka, izime uiwashe upya na usasishe programu yake. Kufuta kila kitu kuwe jaribio la mwisho, baada ya kuhamishia kumbukumbu zako kwenye simu.

Ukiona kioo kimeinuka au mgongo umeachia, ishia hapo hapo: huenda betri imevimba. Usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe.

Hatua ya 2: Angalia kama toleo lako limeitwa lirudishwe. Mwaka 2022 Fitbit iliziita saa za Ionic kwa sababu betri zake ziliweza kupata joto kali na kuunguza ngozi. Wateja walirudishiwa fedha.

Hatua ya 3: Mwandikie muuzaji. Hapa ndipo watu hupoteza haki yao, kwa kupiga simu na kufoka badala ya kuandika. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji huwajibika kwa kasoro kwa angalau miaka 2. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, dai linaweza kufikishwa mahakamani hata baada ya miaka kadhaa, ila wewe ndiye utakayethibitisha kuwa kasoro ilikuwamo tangu mwanzo. Kwingineko soma sheria ya kumlinda mlaji ya nchi yako. Barua iwe fupi:

"Nilinunua saa hii tarehe fulani, risiti nimeiambatisha. Imeacha kuchaji. Nimesafisha pini na kubadili chaja bila mafanikio. Haijaanguka wala kupasuka. Naomba mnitengenezee au mnibadilishie."

Ongeza picha, video fupi na namba ya kifaa. Wakikataa, omba punguzo la bei ya saa mpya, au kubadilishiwa kwa ada. Garmin, kwa mfano, hufanya hivyo kwa baadhi ya saa zake.

Hatua ya 4: Fundi. Kubadili betri mara nyingi kunalipa. Kioo, kwa maoni yangu, ni mara chache, maana bei yake hukaribia ya saa nzima. Muulize fundi kabla hajaifungua kama ana gundi au mpira mpya wa kuzuia maji. Hata akiwa nao, usiogelee nayo tena.

Kabla ya kuikabidhi kwa yeyote, iondoe kwenye akaunti yako. Saa iliyofungwa na akaunti ya mtu huenda isipokelewe.