Jinsi ya Kuomba Kutumia Diko la Mto Pangani kwa Uvuvi na Safari za Boti

Mtu anayetaka kushusha chombo chake katika Mto Pangani, iwe kwa uvuvi au kwa kubeba wageni, aanzie dikoni, yaani mahali ufukweni vyombo vinapoegeshwa na kushusha samaki, na si ofisi ya wilaya. Karatasi nyingi za serikali huliita diko "mwalo", kwa lugha ya watu wa Kanda ya Ziwa, lakini mahali ni pale pale. Ajitambulishe kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi pamoja na serikali ya kijiji au mtaa, akiwa na kitambulisho cha NIDA na hati ya kununulia chombo. Anayeruka hatua hii hufika mbele ya ofisa uvuvi bila mtu wa kumdhamini, naye huambiwa arudi alikotoka.

Baada ya hapo chombo husajiliwa katika ofisi ya uvuvi ya halmashauri. Namba ya usajili hupakwa rangi ubavuni, upande wa omo, yaani mbele, kulia na kushoto. Mbao zianikwe kwanza hadi zikauke kabisa: mimi niliipaka namba ya ngalawa yangu siku ile ile niliyoitoa majini, na kabla mwezi haujaandama tena zilibaki tarakimu mbili tu, nikatakiwa kueleza chombo ni cha nani.

Leseni ya chombo haimfuniki mvuvi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zinamtaka mvuvi awe na leseni yake mwenyewe, hata kama anavua katika mashua ya mjomba wake. Malipo yafanywe kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na ofisi, kupitia benki au simu, na risiti itunzwe pamoja na leseni ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ukaguzi wa usalama uko chini ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, na boti inayochukua abiria kwa malipo haiwezi kuukwepa. Mkaguzi atataka kuona jaketi okozi kwa kila aliyemo, nanga na kamba yake, ndoo ya kukumbia maji na, penye injini, kizimamoto.

Ruhusa ikishapatikana, chombo kisifungwe kwenye gati la kivuko cha Bweni wala kuzuia njia yake, na mikoko isikatwe ili kupanua maegesho. Kokoro, yaani nyavu za kuburuta, baruti na sumu ni marufuku. Anayekusudia kwenda Maziwe ajue kwamba kisiwa hicho ni eneo tengefu, hairuhusiwi kuvua humo, na kiingilio chake hulipwa kwa mamlaka ya hifadhi za bahari, mbali na ada za halmashauri.

Linalobaki ni maji yenyewe, ambayo hayaombwi kwa barua. Mdomo wa mto una fungu la mchanga, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kiasi kwamba boti nzito hulazimika kusubiri nje. Kwa kuwa kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, aliyetoka jana saa 12 asubuhi asiichukulie saa hiyo kuwa ni ya leo pia. Amuulize nahodha mwenyeji kabla ya kung'oa nanga.