Somo: Kupanga Ziara ya Bustani ya Stourhead, Uingereza, kwa Mtu Mwenye Siku Moja

Kwetu, neno bustani likitajwa, akili hukimbilia maua yaliyopandwa kwa mistari, au matuta ya mchicha nyuma ya nyumba. Stourhead, iliyoko Wiltshire, kusini-magharibi mwa Uingereza, si bustani ya namna hiyo. Ni bonde zima lenye maji katikati, nyasi, miti mirefu, na majengo machache ya mawe yaliyowekwa kwa makusudi mahali ambapo jicho litayakuta kwa mbali kabla mguu haujayafikia. Aliyeianza ni Henry Hoare wa pili, mwenye benki wa London, ambaye katika miaka ya 1740 alianza kuligeuza bonde hilo, akaendelea nalo kwa zaidi ya miaka thelathini. Tangu mwaka 1946 iko mikononi mwa National Trust, taasisi inayotunza majengo na ardhi za kihistoria nchini humo.

Ninaandika somo hili kwa sababu moja kubwa. Stourhead ina mwanzo, katikati na mwisho, kama ulivyo utenzi. Anayeingia popote na kuzunguka apendavyo atapata picha nzuri, lakini hatapata kile kilichojengwa pale. Kwa hiyo mpango wote wa safari, tangu kuchagua mwezi hadi kuchagua treni, unapaswa kuulinda mzunguko wa miguu kandokando ya maji.

Hatua ya kwanza: chagua msimu

Mwezi wa Mei na mwanzo wa Juni, rododendroni na azalea huchanua kwa rangi kali za zambarau, nyekundu na manjano. Watu wengi huja wakati huo, na hawakosei. Hata hivyo, ni vyema ujue kwamba rododendroni zililetwa baadaye, na mjukuu wa Henry Hoare, Richard Colt Hoare. Mwanzilishi mwenyewe alitaka kijani kizito na kijani chepesi, kivuli na mwanga, na juu ya hayo weupe wa jiwe.

Mimi ningechagua nusu ya pili ya Oktoba. Majani hugeuka rangi ya shaba na ya dhahabu, na siku isiyo na upepo kila kitu huonekana mara mbili, juu ya maji na ndani yake. Desemba pia ina uzuri wake, kwa kuwa miti mingi imepukutika na majengo yanaonekana waziwazi, lakini jua huzama saa kumi jioni, na siku inakuwa fupi mno kwa mtu aliyetoka London asubuhi.

Hatua ya pili: panga usafiri, na uangalie sana jina la kituo

Kituo cha treni kilicho karibu ni Gillingham, takriban kilometa 10 kutoka bustanini, na treni zake huondoka London kwenye kituo cha Waterloo. Safari huchukua kama saa mbili. Hapa nawaomba wasomaji mtulie na kusoma taratibu: Uingereza ina Gillingham mbili. Moja iko Dorset, ndiyo yetu. Nyingine iko Kent, mashariki ya London, upande tofauti kabisa. Hata matamshi yake hayafanani, kwani ile ya Dorset huanza kwa sauti ya g kama katika neno «gari», na ile ya Kent kwa sauti ya j. Safari yangu ya kwanza nilinunua tiketi ya Kent, na nikagundua kosa nikiwa tayari njiani, mkono umeshika ramani ya Wiltshire. Siku ile iliharibika yote, pamoja na pesa ya tiketi. Kabla ya kulipa, hakikisha neno Dorset limeandikwa mbele ya macho yako.

Jambo la pili ni saa. Tiketi na mbao za vituoni huandika saa kwa mtindo wa Kizungu, na mtu anayefikiri kwa saa za Kiswahili anaweza kuteleza akiwa na haraka. Kwa mfano, treni ya 8:20 ni ya saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Andika saa zote mbili kwenye karatasi moja, ya kwenda na ya kurudi.

Kutoka kituoni hadi bustanini mabasi ni machache na hayafai kutegemewa, kwa hiyo agiza teksi siku moja au mbili kabla, ya kukupeleka na ya kukurudisha. Anayekuja kwa gari atafuata barabara ya A303, ataiacha karibu na mji mdogo wa Mere, kisha atashika B3092 hadi kijiji cha Stourton.

A303 hiyohiyo hupita kando ya mawe ya Stonehenge, chini ya saa moja kabla ya kufika, na kila ninayempa ushauri huniuliza kama anaweza kuviona vyote viwili siku moja. Anaweza. Simshauri afanye hivyo, kwa sababu atafika Stourhead akiwa amechoka, na ataukata mzunguko njiani.

Hatua ya tatu: tiketi ya kuingia

Hili ni fupi. Wanachama wa National Trust hawalipi kiingilio. Wengine hulipa, na bei pamoja na saa za kufungua hubadilika kwa msimu, kwa hiyo zisome kwenye tovuti yao wiki ileile unayokwenda. Jitahidi uwe mlangoni saa nne asubuhi.

Hatua ya nne: tembea kwa mpangilio wake

Anza juu, nyumbani kwa Hoare. Jumba lilijengwa katika miaka ya 1720 kwa ramani ya Colen Campbell, sehemu yake ya katikati ikaungua mwaka 1902 na kujengwa upya. Usikae sana ndani kama muda wako ni mdogo. Shuka kwa njia inayopita katikati ya miti, na utaanza kuona maji chini yako, na ng'ambo ya maji jengo jeupe lenye kuba. Hulifikii bado. Umeonyeshwa tu.

Ukifika chini, geuka ili maji yawe mkono wako wa kushoto, na yabaki kushoto hadi mwisho. Kwa mtu anayetazama kutoka angani, unazunguka kinyume cha mshale wa saa. Maji hayo si ziwa la asili. Ni bwawa, lililopatikana katika miaka ya 1750 baada ya Hoare kujenga tuta na kuyazuia maji ya chemchemi za mto Stour, ambao ndio ulioipa bustani jina lake.

Kituo cha kwanza ni Hekalu la Flora, mungu wa kike wa maua wa Waroma wa kale, kazi ya msanifu Henry Flitcroft katika miaka ya 1740. Juu ya mlango pamechongwa maneno ya Kilatini ya mshairi Virgil, yanayowaamuru wasiostahili wakae mbali. Katika utenzi wa Virgil, maneno hayo husemwa kabla tu ya shujaa Enea kuteremka kuzimu. Yashike akilini, maana muda si mrefu na wewe utateremka.

Pango, lililojengwa mwaka 1748, ndipo mahali ninapowasihi msikimbie. Sikio hupokea maji kabla ya jicho. Njia inainama, mwanga unapungua, mawe yasiyochongwa yanakusogelea pande zote, na baridi inakushika shingoni hata kama nje ni mchana wa Julai. Ndani kuna chumba cha mviringo chenye tundu juu, na chini ya tundu hilo amelala binti wa chemchemi, sanamu ya John Cheere, huku maji yakitiririka chini yake. Upande wa bwawa kuna uwazi kama dirisha. Ukiinama unayaona maji yametanda karibu kabisa na usawa wako. Mbele zaidi yuko mungu wa mto, ameketi, ameegemea mtungi wake, na mkono wake mmoja ameunyoosha. Unakoelekezwa ni kwenye ngazi za kutokea.

Unatoka gizani, na baada ya kupita kibanda cha mtindo wa Kigothi unalifikia lile jengo jeupe uliloonyeshwa asubuhi. Ni Panteoni, yenye jina la hekalu la kale la Roma, ya miaka ya 1753 na 1754, na ndani yake amesimama Hercules, shujaa wa hadithi za kale, aliyechongwa na Rysbrack. Geuka hapo mlangoni utazame ulikotoka, kwa sababu sasa Hekalu la Flora ndilo dogo na la mbali. Wasomi wengi huona katika mzunguko huu safari ya Enea. Mimi nakubaliana nao, ingawa hata asiyewahi kusikia habari za Enea atajua kwa mwili wake kwamba ameshuka gizani na kupanda tena.

Baadaye unavuka tuta, unakwea mlima mkali hadi Hekalu la Apolo la mwaka 1765, kisha unateremka hadi kwenye daraja la mawe la matao matano, lililoota nyasi juu kama zulia. Jirani yake ni Msalaba wa Bristol, wa karne ya 14, ambao watu wa jiji hilo waliuondoa, na Hoare akauhamishia hapa mwaka 1765. Mzunguko wote hauzidi kilometa tano, lakini upe saa tatu.

Hatua ya tano: vya kubeba

Viatu vinavyoshika chini, kwa maana majani yaliyolowa huteleza. Koti la mvua mwezi wowote. Chakula na kitu cha kutandika. Kama unataka pia kuuona Mnara wa Mfalme Alfred, wenye urefu wa mita 49, uliokamilika mwaka 1772, tafuta siku ya pili, kwani uko mbali na bwawa.

Maswali ya wasomaji

Swali: Shikamoo mwalimu. Nitakwenda na mama yangu, ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Je, ataweza?

Marahaba mwanangu. Ataweza sehemu kubwa, msipoharakisha. Pangoni mawe hayako sawa na kuna ngazi, kwa hiyo mpitishe pembeni, na mlima wa Apolo muuache kabisa. Piga simu kabla ya kwenda, ueleze hali yake na uulize habari za kiti cha magurudumu. Akichoka mapema, mketishe karibu na daraja. Hapo ataona mengi bila kutembea.

Swali: Niko Dodoma. Viza niiombe lini?

Ombi la viza ya matembezi hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na kwa kawaida jibu hutoka ndani ya wiki tatu baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Omba mapema, na usinunue tiketi ya treni isiyorudishiwa fedha kabla ya kuiona viza kwenye pasipoti au kwenye akaunti yako.

Swali: Kaka, fedha za kujenga yote hayo zilitoka wapi? Mtu anapotaja matajiri wa karne ile, mimi hufikiria watumwa.

Ni haki kuuliza, na napenda tuulize tukiwa palepale. Ardhi ilinunuliwa na baba yake Hoare mwaka 1717 kwa fedha za benki ya familia. Mwaka 1720 benki hiyo ilipata faida kubwa kwa kununua na kuuza hisa za Kampuni ya South Sea, na kampuni hiyo ilikuwa na mkataba wa kupeleka Waafrika waliofanywa watumwa katika makoloni ya Uhispania huko Amerika. Bustani ilianza baada ya hapo. Sisemi kila jiwe lilitoka kwenye fedha hizo, lakini mimi siwezi kusimama mbele ya Panteoni nikaisahau kampuni ile.

Swali: Sala na chakula vinakuwaje?

Beba chakula chako, utakuwa na uhakika nacho. Kibla ni kusini-mashariki. Juni adhuhuri huingia baada ya saa saba mchana, na alasiri huchelewa sana, hivyo utakuwa na nafasi. Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi hubanana kati ya saa sita mchana na saa kumi jioni. Tandika mkeka kwenye nyasi nje ya njia, na upange mzunguko kwa kufuata nyakati hizo.

Swali: Picha nipige wapi, na saa ngapi?

Simama upande wa kijiji, karibu na Msalaba wa Bristol, daraja likiwa mbele yako na Panteoni ng'ambo ya maji. Panteoni inatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi huiangaza usoni, na alasiri huwa kivulini. Mzunguko wangu unakufikisha hapo alasiri, na hilo siwezi kulitengeneza. Anayeitaka sana picha hiyo afike mapema, aende kwanza darajani, apige, kisha apande hadi jumbani na kuanza upya kutoka juu.